Mstari Niliouongeza Kwenye Fomu ya Ufadhili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja na nusu asubuhi, na ofisi ilikuwa inafunguliwa saa tatu. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile la Thika, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikiwa na rula, kalamu nne za wino mweusi na nguo niliyoipiga pasi mara mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sikuwa na diploma. Kompyuta nilijifunza kwenye saiba moja ya Kimbo, duka la kompyuta, kwa kumtazama mwenye duka akiwachapia watu barua, na mambo ya elimu maalum niliyasoma peke yangu kwenye makaratasi niliyochapisha kidogo kidogo. Niliogopa kwamba mtu yeyote akiniuliza swali moja la maana, ningejulikana.

Aliyenikuta pale ni Mratibu wa Ufadhili, mama aliyekuwa amefundisha watoto viziwi kwa miaka mingi kabla ya kuja kwenye shirika letu. Alitazama rula yangu.

"Hii ni ya kuchapa nani?"

"Ni ya kupiga mistari, Madam."

"Mistari iko kwenye fomu tayari. Ingia uchemshe chai."

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi. Mimi nina miaka thelathini na mmoja na ninastaafu kazi moja tu, niende chuo nikasomee ualimu wa elimu maalum kama inavyotakiwa. Lakini kuna kijana atakayekalia kiti changu Jumatatu, na kuna wengine nyuma yake. Nataka wajue kazi hii ilifanywaje, na nataka wajue kosa langu, kwa sababu halimo kwenye barua nzuri niliyoandikiwa ya kuniaga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika letu dogo liliwatafutia watoto wenye mahitaji maalum nafasi katika shule za kibinafsi na kuwalipia karo. Watu waliuliza kwa nini shule za kibinafsi. Jibu letu lilikuwa kwamba mwalimu wa shule ya umma anaweza kuwa na moyo wa dhahabu, lakini darasa likijaa mpaka dirishani, mtoto anayehitaji kuelezwa mara tatu huelezwa mara moja, na pengine hiyo moja haimfikii.

Kwanza mzazi alileta ripoti ya tathmini, yaani karatasi kutoka kituo cha serikali inayosema mtoto ana hali gani na anahitaji msaada upi. Halafu ikaja ziara ya nyumbani. Afisa, yaani mimi, alikwenda kwao, akakaa na mtoto, akajaza fomu ya kurasa nane. Kamati ikipitisha, faili ilipelekwa shuleni, na Mwalimu Mkuu akiridhika aliandika barua ya nafasi. Bila barua hiyo, ufadhili ni maneno matupu. Mwezi ukiisha tangu Kamati ipitishe, kabla barua haijapatikana, ufadhili ulihamia kwa mtoto aliyefuata kwenye orodha.

Faili zangu zilisifiwa. Doa moja la wino lilinifanya niandike upya ukurasa mzima. Kitu kilichonitesa zaidi ni kisanduku kitupu. Nilikiona kama mlango ulioachwa wazi, mtu atapita hapo aone kwamba sijui kazi. Kwa hiyo sikuacha kisanduku chochote. Mwenyekiti wa Kamati, bwana aliyekuwa meneja wa benki zamani zake, aliwahi kuinua faili yangu mkutanoni akasema, "Hivi ndivyo nataka." Nililala na maneno hayo wiki nzima.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa tawi la Ruiru. Kilikuwa chumba kimoja karibu na kinu cha kusaga unga, nikifanya kazi peke yangu, vumbi jeupe likitua kwenye kila kitu nilichokipangusa. Mratibu alikuja kila Ijumaa. Eneo langu lilikuwa Kimbo mpaka mashamba ya Theta.

Hapo ndipo nilipokutana na Nyambura. Alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na mtindio wa ubongo, hali inayofanya misuli isitii upesi kile ambacho kichwa kimeamua. Alitembea kwa kushika ukuta. Mama yake alifanya kazi ya kumenya matunda kwenye kiwanda kimoja cha Thika, Eneo la Viwanda, na siku ya ziara alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Nilikuwa na ziara mbili zaidi mchana huo. Nilivua viatu mlangoni, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikaanza.

"Nyambura, unapenda nini shuleni?"

Alinitazama. Midomo yake ilisogea kidogo. Hakusema kitu. Nilitabasamu, nikauliza tena kwa maneno mengine. Nikauliza jina la mwalimu wake. Nikauliza rangi anayoipenda. Kila swali nililipa muda niliouona wa kutosha, na kimya kilipoanza kuniwasha nikauliza lingine. Ukurasa wa tano una kisanduku kinachosema: *Mtoto hujibu maswali?* Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, "Hapana." Nikavaa viatu nikaenda.

Kamati ilipitisha faili ile siku ile ile nilipoileta. Siku kumi na mbili baadaye barua ya shule ilirudi: "Tunasikitika. Kwa kuwa mtoto hawezi kujibu maswali, shule yetu haina uwezo wa kumhudumia." Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane mwezi uishe.

Nilipeleka barua ile Kimbo mwenyewe. Mama Nyambura alikuwa anakata mboga za sukuma. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaomba kuiona fomu.

"Hapa umeandika hajibu."

"Sikumsikia akijibu, Mama Nyambura."

"Ulingoja?"

Nilianza kueleza jinsi fomu inavyojazwa. Akanikatiza, bila kupandisha sauti.

"Si ulikuwa pale mlangoni unavaa viatu? Hapo ndipo alijibu. Mimi nilidhani umesikia, ati ndiyo maana unaenda umefurahi."

Nilitamani sakafu inifunike. Nyambura alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono mmoja umeshika mguu wa meza. Nikaketi chini mbele yake na kumuuliza swali lile lile. Halafu nikanyamaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mama yake alimaliza fungu la sukuma akaanza la pili. Jirani alipita akasalimia, akajibiwa, akaenda. Ulimi wangu ulitaka kumsaidia mtoto, nikauuma. Midomo yake ilijikusanya, ikaachia, ikajikusanya tena.

"Nilishakuambia," akasema.

Mama yake akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Haiya. Mjibu anti vizuri."

Tukangoja tena.

"Kengele."

Nilirudi ofisini nikiwa nimeamua jambo moja tu, kwamba barua ile haitakuwa neno la mwisho. Lakini nilijua njia. Faili ikishapitishwa, hairekebishwi mpaka afisa ajaze fomu ya masahihisho, akiri kosa kwa mkono wake na kusimama mbele ya Kamati. Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kujaza hata moja. Nilikuwa nikijivunia hilo kimoyomoyo, sasa nalisema hadharani.

Ijumaa nilimweleza Mratibu. Hakunifariji.

"Kisanduku kilikuwa kitupu, ukakijaza."

"Ndiyo, Madam."

"Na zile faili nyingine?"

Nilikuwa nimetumaini hataliuliza swali hilo. Nilikuwa nimejiuliza tangu Kimbo.

"Sijui," nikasema. "Wako wengine niliowaandikia hivyo hivyo."

"Basi hiyo pia uiseme. Ukisema ya Nyambura peke yake, utakuwa umepangusa meza ukaacha takataka chini ya kitambaa."

Mbele ya Kamati nilisoma maelezo yangu. Mwenyekiti alivua miwani.

"Binti, faili zako ndizo tunazowaonyesha wafadhili. Sasa unatuambia tusiziamini?"

"Nawaambia mnipe ruhusa nizirudie. Kila mtoto niliyemwandikia 'hapana' kwenye ukurasa wa tano."

"Kwa muda upi?"

"Jioni na Jumamosi zangu. Na la Nyambura nitalipeleka shuleni kesho."

Alivaa miwani yake tena. "Leo umenichosha kuliko mwaka wote," akasema, akatia sahihi.

Ile shule iliyomkataa, hapo Ruiru, ina madarasa madogo, ngazi zake zimewekewa njia ya mteremko, na kuna mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalum. Mwalimu Mkuu alikuwa mama mrefu asiyependa kuzungushwa. Nilimkabidhi fomu ya masahihisho.

"Faili yako mwenyewe ndiyo ilinikataza. Sasa mkono ule ule unaniambia nibadilishe?"

"Mkono ule ule, Madam. Nakuomba umwone mtoto mwenyewe. Usiamini karatasi yangu, ya kwanza wala hii."

"Nina walimu thelathini mlangoni wanataka chaki na majibu."

"Nitarudi kesho."

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu aliponiona kwenye benchi alitikisa kichwa. "Wewe hata mvua haikuwezi. Mlete Alhamisi ijayo, saa nne kasorobo."

Alhamisi zilikuwa zimebaki siku tatu mwezi uishe. Mama Nyambura alikuwa ameomba ruhusa nyingine kazini, na msimamizi wake alimwambia hiyo ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo tulijua sote watatu kwamba hakuna Alhamisi nyingine. Mwalimu Mkuu alimkaribisha Nyambura kwenye kiti, akainama kidogo.

"Nimeambiwa unapenda kengele. Kwa nini kengele?"

Kimya. Nilishika magoti yangu kwa mikono miwili. Simu iliita mezani, Mwalimu Mkuu akaikata. Mwalimu mmoja akachungulia, akafukuzwa kwa kidole. Kisha Mwalimu Mkuu akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuuliza kwa njia nyingine, na niliijua pumzi ile, ilikuwa yangu.

"Tungoje tu, Madam," Mama Nyambura akasema.

Tukangoja. Nje, watoto walikuwa mapumzikoni, kelele zimejaa uwanja. Wenzangu wa huku wanaijua desturi ya shule zetu: mapumziko yakiisha, kengele ya kwanza hulia, na kila mtoto husimama vile vile alivyo, mguu hewani, mpira kifuani, mpaka kengele ya pili iwaruhusu kwenda darasani. Kengele ya kwanza ikalia. Kelele zikakatika kama zimefungiwa bomba. Nyambura akageuza shingo polepole kuelekea dirishani.

"Ikilia," akasema, na katikati ya maneno tukangoja tena, "wote wanasimama."

Mwalimu Mkuu alitazama uwanja, ule msitu wa watoto wasiosogea, akamtazama Nyambura aliyeshika ukingo wa meza. Kisha akavuta karatasi yenye jina la shule na kuandika barua ya nafasi hapo hapo. Mwandiko wake ulikuwa mbaya sana. Ndiyo karatasi nzuri kuliko zote nilizowahi kuweka kwenye faili.

Zile nyingine nilizirudia kama nilivyoahidi. Theta nilikwenda Jumamosi tano. Wengi nilikuwa nimewaandika sawa. Wawili sikuwa. Mmoja alipata nafasi mwaka uliofuata. Mwingine familia ilikuwa imehama, na sikumpata, nilimtafuta mpaka kwa wazee wa kanisa. Hilo sina la kulipambia. Mtoto yule yuko mahali fulani, na kuna karatasi yenye mwandiko wangu safi inayosema uongo juu yake.

Baada ya hapo nilimwomba Mratibu tuongeze mstari kwenye fomu, chini ya kile kisanduku cha ukurasa wa tano. Unasema: *Afisa alingoja muda gani?* Mwenyekiti aliuliza mstari huo una faida gani, Mratibu akamjibu, "Huo unamtathmini afisa." Ukapita. Nilipoupiga kwa mara ya kwanza, kabla fomu mpya hazijachapishwa, ile rula ilipata kazi.

Wewe utakayekalia kiti changu, utakuta visanduku vitupu kwenye faili zangu za miaka ya mwisho. Usivijaze kwa ajili yangu. Niliviacha nikijua. Bado vinaniuma nikiviona, sikudanganyi, sikupona. Nilijifunza tu kukaa na maumivu hayo bila kumlipisha mtoto.

Juzi, Jumatano, nilipita shuleni kuaga. Mwalimu Mkuu alinisindikiza hadi getini, akiniambia kwamba sasa wanafunzi hupokezana zamu za kupiga kengele, kile kipande cha reli kinachoning'inia mtini, na kwamba Jumatano walimu wamezoea mapumziko kuchelewa kwisha. Nyambura, mwenye zamu ya Jumatano, ni wa darasa la saba sasa. Hufika kwenye ule mti wa kengele kwa kushika chuma cha ukutani, na hakubali kusaidiwa.

"Mzazi mmoja alilalamika kuhusu dakika," akasema. "Nikamwambia abadilishe saa yake."

Nilitazama simu yangu. Muda ulikuwa umepita. Uwanjani watoto walikimbizana, na kule mwisho nilimwona Nyambura akiinua nyundo kwa mikono miwili, akiishusha, akiiinua tena. Nikarudisha simu mfukoni.

Kengele ilipolia, wote walisimama. Nami nikasimama vile nilivyokuwa, mkono kwenye komeo la geti, mpaka alipopiga ya pili na kuniruhusu kwenda.