Saktoni Iliyogoma Bondeni

Jiko langu likigoma kuwaka, likawa linalia tiki, tiki, mimi siwezi kusimama mahali pamoja. Mume wangu hunicheka. Hajui kwamba sauti ile hunirudisha kwenye bonde la nyuma ya kijiji cha Bustan, asubuhi moja ya Idi, miaka ya tisini, baridi imeshika na gauni jipya linaniwasha shingoni.

Tulikaa Sidab, pembeni mwa Maskati, watu tuliorudi kutoka Unguja. Baba alikuwa na saktoni, ile bunduki nyembamba ya risasi ndogo ambayo wanaume wa huku hulengea vikopo. Aliinunua kwa bei rahisi, na urahisi wake ulionekana. Kitako cha plastiki kilikuwa na mshono kama wa ndoo, skrubu zililegea kila mara, na magazini ya kutilia risasi ilicheza kama jino bovu. Lakini mtutu ulikuwa mnyoofu, na Baba aliitunza kuliko gari.

Idi ile jamaa zetu wa milimani waliteremka Maskati, na kwa mara ya kwanza walimwalika Baba kulenga shabaha pamoja nao. Miaka yote walimwita Mzinjibari, yaani mtu wa Unguja, na kukicheka Kiarabu chake. Alitaka kikopo kimoja tu kiruke mbele ya macho yao. Hakulala vizuri wiki nzima, wala mimi sikulala.

Bibi, mama yake Baba, hakukubali kuachwa nyuma. Magharibi ya kuamkia siku hiyo alipasha mafuta ya nazi jikoni, akaimiminia bolti ya bunduki, kile chuma chenye pini ya kugongea risasi, mpaka ndani.

"Chuma cha hapa chaliwa na chumvi, mwanangu," alimwambia Baba. "Nnaijua mie kazi hii. Itazame cherehani yangu."

Baba, kichwa chake kikiwa kwa wageni, alishukuru bila kutazama. Akaitia saktoni garini, nayo ikalala huko na baridi.

Zamu yake ilipofika bondeni, wote walimgeukia. Mimi nilikuwa nikirukaruka kwa mguu mmoja. Baba akalenga, akafyatua. Tiki. Akangoja kidogo, mtutu ukitazama mlima, akaitoa risasi, akatia nyingine. Tiki. Ya tatu nayo tiki. Risasi za saktoni hugongwa ukingoni, zikigongwa kwa unyonge haziwaki, na kwenye kila ukingo pini ilikuwa imeacha alama hafifu kama ya ukucha wa mtoto.

Ami Seif, binamu yake Baba, aliangua kicheko. "Yaa Khamis, umetuletea ya kuchezea watoto?"

Nilimwona Baba akipitisha kidole kwenye bolti, akakinusa. Akatupa jicho kwa Bibi, aliyekaa kwenye mkeka na dele lake la kahawa, shingo kaivuta, akisubiri mlio.

"Ndo hizi za bei rahisi, Seif," alisema Baba, naye akacheka. "Zina siku zake."

Walimtania mpaka pilau likaisha. Mimi sikula kwa hasira.

Kesho yake, wageni wamekwisha ondoka, Baba aliifungua saktoni uani, akaiosha bolti kwa mafuta ya taa, akaipaka tone la mafuta ya mashine. Tukarudi bondeni sisi wawili. Vikopo viliruka kimoja baada ya kingine. Nikapiga kelele kwamba tumpigie simu Ami Seif, arudi aone kwa macho yake!

"Tulia," alisema Baba. "Na nyumbani usiseme kitu."

Sikutulia. Kwa miaka mingi iliniuma kwamba baba yangu alikubali kuonewa bure, na ushahidi anao mkononi.

Januari iliyopita jiko liligoma tena. Nilikuwa nimeshika chupa ya mafuta ya nazi, nataka kuyapasha nimpake binti yangu nywele. Yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Nikaitazama chupa, jiko likilia tiki, tiki, na ndipo nilipoiona ile pini ikijikokota ndani ya mafuta ya Bibi. Baba aliijua harufu ile papo hapo. Angetamka neno moja tu, kicheko chote kingehamia mkekani kwa Bibi. Nilikaa sakafuni nikalia.

Bibi alifariki bila kujua. Mtu akiisema vibaya saktoni ile mbele yake, alikuwa akijivuna na kujibu, "Na isingekuwa mafuta yangu, isingefika hata huko bondeni."

Na Baba alikuwa akiitikia, "Kweli, mama."