Vipindi vya Edelmira

Edelmira Nauto alifika shuleni kwetu Chonchi, mji wa kisiwani, mwezi wa Machi, mvua ikinyesha kama kawaida yake, akapewa kiti nyuma ya darasa la tatu. Kazi yake ilikuwa watoto waliokuwa wazito wa kusoma au kusema. Zamani watoto hao walitolewa darasani wakafundishwe kwenye kijumba kando ya ghala la kuni. Sasa sheria ilitaka wabaki na wenzao, na mwalimu wao ndiye aingie. Kuingia aliingia. Kufundisha ndiko kulikokuwa na kazi.

Mwenye darasa alikuwa Rosamel Mansilla, mtu mwema mwenye kichwa kigumu. Maisha yake yote alifundisha peke yake, na mtu mzima wa pili darasani alimwona kama mkaguzi. Basi akamtuma Edelmira akatoe nakala, akachonge penseli, akamnyamazishe fulani. Mimi nilifundisha chumba cha pili, kati yetu ukuta wa mbao tu, nikisikia kila kitu huku damu ikinichemka. Watoto wa huku humwita kila mwalimu wa kike shangazi. Yeye walimwita "shangazi wa kina Yanara", yaani wa Yanara na wale wazito wenzake, kana kwamba wengine hawamhusu.

Edelmira hakugombana. Alianza kufika mapema, akawasha jiko la kuni, akatayarisha chai chungu ya kibuyu, na Rosamel alipoingia amelowa akamkabidhi. Kibuyu ni kimoja na mrija ni mmoja, mnapokezana. Kumnunia mtu unayenywa naye hivyo ni shida. Mwanzoni waliongea habari za viazi. Baadaye wakaongea masomo. Kabla ya baridi kwisha walikuwa wakifundisha kwa zamu: mmoja anaanza hesabu, mwenzake anaieleza upya kwa kamba na viazi, na mtoto yeyote anamwendea amtakaye. Tena wakawa wanataniana mbele ya watoto.

"Mjomba Rosamel kaeleza vizuri," nilimsikia Edelmira akisema, "ila mimi sijaelewa kitu. Nani mwingine hajaelewa kama mimi?"

Walijitokeza wengi, hata wale hodari. Yanara, ambaye alikuja hatamki neno mbele za watu, siku moja alisimama akasoma ukurasa mzima. Alikwama, akajikwamua, akaumaliza. Nilisimamisha somo langu ili nimsikie.

Sasa ndipo balaa lilipoanzia. Vipindi vya Edelmira vilitegemea watoto wenye cheti cha daktari cha kuthibitisha uzito wao. Mtoto akishika masomo, cheti kinafutwa, na vipindi vinaondoka nacho. Mpango mzuri kweli: ukifanya kazi vizuri, unajifukuzisha. Mwaka wa pili, Rosamel akiwa amepanda na darasa lake, wengine wote walishafutiwa, akabaki Yanara peke yake. Desemba ikafika zamu yake ya kupimwa, na mpimaji ni Edelmira mwenyewe.

Asubuhi hiyo Rosamel alimfuata jikoni. Nilikuwepo, naongeza kuni.

"Dada, huyu mtoto bado anayumba," alisema. "Mpime mchana, akiwa amechoka. Nani atajua?"

"Atajua mwenyewe."

"Ukiondoka ataanguka."

"Huenda, kaka. Lakini nimtazame usoni nimwambie ameshindwa, na kila siku nimemwambia anaweza?"

Alimpima asubuhi hiyohiyo, mtoto ameshiba na ametulia, kama haki inavyotaka. Yanara alifaulu. Mama yake alituletea mikate ya viazi ingali moto, nasi tukala tukiangalia chini. Edelmira alitoka nje kulia, na mimi nikalia palepale mezani.

Shule ilipofunguliwa tena Machi, Edelmira alikuwa amepelekwa kisiwa kingine. Rosamel alijitahidi, siwezi kumsingizia. Alieleza, akaeleza upya kwa kamba na viazi, lakini watoto ni wengi na mtu ni mmoja. Yanara akaacha kunyoosha mkono, kisha akaacha kusoma kwa sauti. Agosti wakaja wapimaji wageni, na cheti kikarudi. Jioni ile Rosamel alimpigia Edelmira simu kutoka chumba cha walimu, sauti ameifungulia ili nami nisikie. Alimwambia vipindi vimerudi, aje. Edelmira akasema hawezi, mkataba wa kule umemfunga, kisha akauliza mtoto alisoma wapi akakwama.

"Hakusoma hata herufi," Rosamel alisema. "Dada, kabla hajaingia kupimwa aliniuliza kama uliondoka kwa sababu alifaulu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu ndiyo."

Rosamel alikata simu akaketi na koti lake la mvua, wala hakwenda nyumbani mpaka nilipomshika mkono.

Vipindi alipewa mwalimu mwingine, binti mpole kutoka mji wa Castro. Alipoingia darasani siku ya kwanza, Yanara alimpita kwa macho, akaendelea kuutazama mlango akingoja mtu wa pili aingie.