Nilimwita Mwizi Mbele ya Wageni, Wakacheka

Admin, jina langu lifiche, hata herufi ya kwanza usiiweke, maana huku Mbagala mdomo wangu unajulikana kuliko sura yangu. Mie ni mzee wa miaka sabini na tatu, Mzaramo, shule niliishia darasa la nne baada ya mwalimu kunichoka. Nina mke mmoja, mama Asha, na huyo Asha ndiye kitinda mimba wetu, fundi cherehani kule Boko. Simu hii nimeazima kwa mpangaji wangu, naandika kwa kidole kimoja, mkikuta nimekosea nisameheni au msinisamehe, shauri yenu.

Matapeli wa simu wananitia kichefuchefu. Mwizi wa zamani alikuwa na adabu ya kutosalimia. Anakuja, anabeba kuku, anaondoka, yamekwisha. Huyu wa siku hizi anakuamkia kwanza! "Shikamoo mzazi wangu, umeamkaje, presha yako inaendeleaje?" Ukishaitikia marahaba, mkono wake uko mfukoni mwako.

Nyumbani simu yetu ni moja, ya mama Asha, inakaa dirisha la jikoni kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Wakipiga nikiwa karibu napokea mie, nilikuwaga nawachezea. Kuna mmoja aliniambia nimeshinda gari, nitume hela ya kulitolea.

"Alhamdulillahi," nikamwambia. "Lina matairi mangapi?"

"Manne, mzazi wangu."

"Basi uza mawili, hiyo ndiyo hela ya kulitolea. Mengine niletee na gari."

Akacheka kwa pua. Kicheko cha kukwamakwama, kama nguruwe aliyepaliwa, Mungu anisamehe kumtaja mnyama huyo. Akasema, "Mzee una balaa wewe," akakata. Nikajiona mjanja.

Siku nyingine akapiga mie nipo kwa kinyozi. Akamkuta mama Asha peke yake. "Shikamoo mama, nipo hospitali, binti yako kagongwa na bodaboda." Mama Asha akapiga ukelele, "Asha wangu?" Yule mshenzi akadaka hapohapo, "Ndiyo mama, Asha. Dawa inatakiwa sasa hivi, na usikate simu." Jina kapewa na mama mtu mwenyewe! Mke wangu akatuma akiba yake yote ya vitumbua, halafu akaanguka palepale jikoni. Mpangaji ndiye aliyemkimbiza hospitali, na ndiye aliyenisomea namba: ile ile ya yule wa gari. Asha mwenyewe alikuwa Boko anashona, mzima kama chuma. Mama yake akalazwa, na daktari akatuambia presha yake haitaki mshtuko mwingine.

Alipoanza kupata nafuu, Asha akaleta mchumba. Kijana msafi, kakunja mikono ya shati, kaja na mjomba wake ndiye mshenga, Wanyamwezi. Kwa asiyejua, sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tunatukanana hata msibani na hakuna anayenuna. Wamenizikia baba yangu huku wakimsema marehemu kwa uchoyo. Kwa hiyo sina neno na kabila la mtu.

Mshenga akaanza, "Tumekuja kumwokoa binti na uvivu wa Wazaramo."

Nikamjibu, "Nyie mlikuja pwani kwa miguu na mizigo ya watu kichwani, hivyo viatu mmeazima wapi?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mchumba naye akacheka. Kwa pua.

Kicheko kile kile cha kukwamakwama. Nikainuka nikamnyooshea kidole, "Huyu ni mwizi! Huyu ndiye aliyempigia mama Asha simu!"

Mshenga akajipiga mapaja. "Mzaramo kapatia! Ni mwizi kweli, kaja kutuibia Asha!" Wanawake vigelegele.

"Nasema kweli, wallahi!"

"Jamani, Mzaramo leo anaapa, fungeni milango!"

Kila nilivyozidi kumtukana, ndivyo walivyozidi kufurahi. Mama Asha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, na tangu atoke hospitali alikuwa hajacheka hata siku moja. Yeye hakuitambua sauti. Siku ile hakusikia sauti, alisikia ajali tu.

Wakati wa kunawa mikono kijana akanifuata bombani. Jasho jembamba, sauti chini. "Baba, nisamehe. Sikujua kama ni kwenu."

Hebu someni tena. Hakusema hakufanya. Hakusema anajuta. Anasema hakujua ni kwetu! Yaani angekuwa mama wa mwingine ameanguka jikoni, yeye angekula ubwabwa wake akalala. Nilitema mate pale pale bombani.

Nikamvuta Asha pembeni nikamweleza. Akanitazama kama nachekesha watu ili ninunuliwe soda. "Baba, wewe imamu ulisema anaiba kandambili msikitini. Mjumbe ulisema ana mkia. Leo ndiyo nikuamini?" Kijana naye kaulizwa, akasema, "Baba mkwe ana utani sana, nampenda."

Polisi mtaniambia. Tulikwenda mapema, laini ile imesajiliwa kwa jina la bibi kizee wa watu asiyejua hata kuwasha simu.

Sasa mahari inaletwa Jumamosi. Mama Asha, ambaye simu ikilia tu anatetemeka, kapata dawa yake: kila namba asiyoijua anamtumia mkwe mtarajiwa amchunguzie kama ni tapeli. Na mkwe anamjibu kwa upole, "Usipokee hiyo, mzazi wangu." Mke wangu analala vizuri siku hizi. Anamsifia mpaka kwa majirani.

Nikipata njia ya kuaminiwa, namwangusha mke wangu kwa mara ya pili, na safari hii huenda asiinuke. Nikinyamaza, namkabidhi binti yangu kwa mtu anayepima mama wa kumuibia kwa kuuliza ni wa nani. Maisha yangu yote nimechekesha watu, leo nataka wanune dakika moja tu, hawataki. Nyie mnaosoma, acheni kucheka kwanza, mniambie: Jumamosi nikae kwenye mkeka nipokee mahari ya yule mtu, au nifanyeje?