Vigelegele kwenye matendo ya uchungu

Jamani, leo nimepiga vigelegele katikati ya rozari!

Mnajua ile programu ya simu ya kutafuta ng'ombe waliopotea, niliyotengeneza na binti yangu Neema? Ili iingie kwenye duka la programu mtandaoni, wenye duka walitaka watu kumi na wawili waijaribu siku kumi na nne mfululizo. Nikawaomba wanajumuiya wenzangu wa kanisani.

Siku ya kumi, Mama Paulo akaifuta apate nafasi ya picha za harusi. Tukaanza upya! (Hata mitume walimpoteza mmoja, nikavumilia.)

Baba Neema alikuwaga ananicheka: "Ng'ombe anatafutwa kwa miguu, siyo kwa kidole."

Leo tunasali, simu ikatetemeka. IMEKUBALIWA!

Vigelegele vikanitoka. Katekista akanikazia macho: "Mama Neema, tuko kwenye matendo ya uchungu!"

"Nisamehe mwalimu, mimi nimesharukia ya utukufu!"

Jumuiya nzima kicheko.

Tulivyotoka, Baba Neema akanivuta pembeni, sauti ya chini kabisa: "Mke wangu, yule mtamba mwekundu hajarudi tangu jana. Hebu nionyeshe, nabonyeza wapi?"

Mungu ni mwema. Nani mwingine alinicheka? Njoo uungame hapa chini.