Mpini Alioukataa Jonah

Jackton alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kutaka kujua. Miaka kumi na minane alitengeneza mitambo ya kiwanda cha majani chai, na alipostaafu akauhamishia udadisi wake kwenye kibanda cha mabati pale soko la Chepilat, akitengeneza mipini ya visu. Ukimpa kisu, kwanza anakinusa. Wateja walimcheka, wakasema huyu mtu wa ziwani anadhani bado ananunua samaki. Yeye hakujali.

Jumanne moja Edinah, mkulima wa chai mwenye ng'ombe wawili, alimwekea mezani kisu cha kukunja. Mpini wake wa mzeituni mwitu ulikuwa umepauka kama mfupa, na ufa umeupasua katikati.

"Ni ya mzee yangu, Jonah," alisema. "Tangu kiharusi imshike, mkono ya kulia imekataa, na mdomo pia. Daktari alisema ashikeshike kitu anapenda, ndiyo vidole zirudi. Nikasema wacha nimsafishie kisu yake. Nikaloweka kwa maji moto na sabuni ya unga, kutwa nzima."

"Woi, mama! Mpini wa mbao kwa maji moto?"

"Si sikujua, fundi? Nilipompatia, alinusa, akasukuma. Kitu ingine hataki kushika. Hiyo mkono inakauka tu nikiangalia."

Jackton alimwonea huruma, akaishughulikia kazi ile kwa adabu zote. Aliuacha mpini ukauke kivulini, mbali na jiko, akaziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, akasugua kwa msasa laini kufuata mishipa ya mti, kisha akaupaka mafuta ya kitani kidogo kidogo na kuyafuta. Rangi ya asali ikarudi. Alijiona fundi wa mafundi.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Edinah akarudi na kisu mkononi. "Amesukuma."

Jackton aliumia. Lakini udadisi ulimwasha kuliko aibu. Alikikunjua kisu, akachokoa kwa pini ule mfereji ambamo bapa hulala, mahali sabuni haikufika. Ikatoka chembe ya uchafu mweusi. Aliifikicha, akanusa: moshi, na kitu kama siagi.

"Mzee alikuwa anapaka nini hapa?"

"Apake nini? Anachonga fimbo, anaweka mfuko."

"Kwani kuna mwingine anayekishika?"

"Hakuna. Ni mimi tu, Jumamosi. Ananipatia nichonge sosiot, kijiti ya kusugua kibuyu ya mursik."

Jackton, aliyeyanywa maziwa yale ya mala miaka yote bila kuuliza jinsi kibuyu kinavyoandaliwa, akavuta kiti. Edinah akamweleza: unasugua kibuyu kwa kijiti, unachoma mti wa senetwet, unaponda makaa yake ndani, mikono inakuwa nyeusi tii, kisha unaipaka siagi masizi yatoke.

"Na kisu unakirudisha na mikono gani?"

Edinah akaviangalia viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Hii hii," alisema polepole. "Miaka thelathini na moja."

"Mara ya mwisho lini?"

"Kabla augue. Sasa saa ya kibuyu nitatoa wapi?"

"Nenda ukatengeneze kibuyu, mama. Mimi mafuta hayo ya mikono yako sina."

Jumamosi Jackton alifunga kibanda mapema, akajisingizia kwamba anakwenda kwa Edinah kuukagua ufa. Alimkuta Jonah kwenye kiti mlangoni mwa jiko, uso ameugeuzia shamba la chai. Ndani, Edinah alichonga, akasugua, akachoma, akaponda. Alipomaliza alijipaka siagi mikononi, akakikunja kisu kwa mikono ile ile, akakiweka mapajani mwa mumewe.

Jackton akanyoosha shingo aone.

Jonah alikiinua kwa mkono wa kushoto, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaushika mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya mpini, na vidole vikajikunja kimoja baada ya kingine, hata dole gumba likaingia kwenye kibonyeo chake cha zamani. Mkono ukanyanyuka kutoka pajani. Akamnyooshea Edinah kisu, kama alivyofanya kila Jumamosi.

Edinah alilia waziwazi, mgeni yupo.

"Nimeshamaliza, mzee," alisema. "Weka mpaka Jumamosi."