Muvi ya mtu aliyeota magamba ndiyo ilinifanya nimtazame brathe usoni tena

Wakuu, niaje.

Mimi humu ni wa kusoma tu, komenti zangu hazifiki kumi. Hii nimeiandika kwanza kwenye counter book yangu, lile daftari kubwa, nikaifuta, nikaiandika tena. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo mkikuta makosa mnivumilie.

Nitasema nilichoona. Pale ambapo sina uhakika nitawaambia sina uhakika.

Nina brathe mkubwa anaitwa Barasa. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja Kariobangi, kwa jua kali. Tunakata mapipa ya chuma, tunatengeneza majiko ya kuchomea nyama. Yeye ndiye fundi. Mimi najua kazi, lakini si kama yeye.

Wale wa kazi hii wanajua sheria. Pipa lililokuwa na thinner ya rangi haliguswi na grinda mpaka lijazwe maji hadi juu, maana mvuke wake hulipuka. Hiyo haina mjadala.

Sasa siku hiyo mifereji ilikuwa imekauka toka asubuhi. Nilikuwa na mitungi miwili tu ya maji. Nikaosha pipa na sabuni, nikalisuuza, nikaliacha juani mdomo wazi. Nikanusa. Halikuwa na harufu.

Barasa akaniuliza, "Wanjala, hilo vipi?"

Nikamwambia, "Liko sawa."

Halikuwa sawa.

Alipoligusa na grinda, bati la juu liliruka na moto ukatoka nalo. Ulimpata uso upande wa kushoto na mkono wa kushoto. Sitaandika mengi hapo.

Kwa haki, yeye pia alikuwa na macho, aliona pipa halina maji. Lakini neno "liko sawa" lilitoka kwangu. Nimeandika hilo neno kwenye counter book mara nyingi sana, na bado sijui nigawanye vipi hilo kosa.

Alikaa hospitali muda mrefu. Alipotoka, ngozi ya shavu ilikuwa imevutika kuelekea sikio, na sikio lenyewe limebaki nusu. Jicho la kushoto halifungi lote. Vidole viwili vimeshikana.

Siku ya kwanza aliporudi nyumbani Kayole, mtoto wake Tracy, ana miaka sita, alikuja mbio kumlaki. Akafika katikati ya nyumba, akamwona, akapiga nduru. Alikimbilia kwenye ngazi, na ilibidi jirani amshike.

Barasa akasema mtoto apelekwe kwa nyanya yake Kaloleni. Shemeji yangu, Mama Tracy, akaenda naye.

Najua watu watasema alimtoroka bwanake. Hapana. Kila Jumamosi alikuwa anakuja na chakula, anafua, anakaa naye mpaka jioni. Ni Barasa alikataa mtoto aletwe. Nami nikahamia pale kumsaidia.

Sasa hapa ndipo naona aibu.

Miezi kumi na moja nilikaa na brathe yangu na sikumtazama usoni. Nikimpelekea chai naangalia kalenda ya ukutani. Nikiongea naongea na kikombe. Yeye naye akaanza kula akiwa amenipa mgongo, na kioo cha bafuni akakigeuza kikaangalia ukuta. Hatukuwa tumekosana. Tulikuwa tu tunaishi hivyo, kama wapangaji wawili.

Jumapili moja nikitoka kanisani nikapitia kwa jamaa wa muvi, yule wa kukujazia kwenye flashi.

"Nipee za kuchekesha," nikamwambia. "Ni za mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa roho tu."

"Basi chukua za huyu DJ. Huyu anaweza kuchekesha hata landlord tarehe tano, kodi bado."

Kwa wale hawajui, huku kwetu muvi za ng'ambo zinapitia kwa DJ. Anaongea Sheng juu ya muvi mwanzo mpaka mwisho, anatafsiri, anatukana wahusika. Kwa hivyo hata muvi ya mazishi utacheka. Jamaa wa muvi huziweka zote kwenye folda moja, ameandika KOMEDI. Na mimi, bila kuuliza ni muvi ya nini, nikachukua.

Nikafika, nikachomeka flashi, nikakaa. Barasa alikuwa kwenye kiti chake, amenipa mgongo nusu.

DJ akaanza: "Karibuni wasee wa mtaa! Leo tuko na Buda Gamba! Kama unakula, meza haraka!"

Jina la kweli la hiyo muvi sijui hadi leo, maana DJ aliifunika na hilo lake la Buda Gamba, yaani Mzee Magamba. Ni ya zamani. Ni mtu na bibi yake wanaishi kando ya ziwa, na huyo mtu anaanza kuota magamba magumu, kama konokono. Kwanza kidole. Halafu shingo. Halafu uso unaanza kwenda.

Wakuu, nilipoona ule uso nikaruka kwenda kuchomoa flashi.

"Wacha," Barasa akasema.

"Brathe, hii si ile nilitaka..."

"Wanjala. Wacha."

Nikakaa.

DJ anaendelea: "Cheki shingo ya buda! Anakauka kama omena ya mama wa kona!"

Nikasikia Barasa akitoa pumzi puani. Nadhani alicheka. Sina uhakika, kwa sababu sikuwa namwangalia.

Nataka niseme kidogo kuhusu ile muvi, maana ndiyo sababu ya huu uzi. Haikuwa ya kompyuta. Yale magamba yalikuwa kitu cha kweli, mtu aliyafinyanga kwa mkono akambandika nayo yule mwigizaji. Yalikuwa na uzito. Akigeuza kichwa unaona shingo inavyojitahidi. Kijiko kikigonga gamba unasikia sauti. Sizipondi za kompyuta, kuna zilizo kali. Lakini hii, jicho langu halikupata pa kutorokea, halikuweza kusema "ah, hii ni picha tu."

Na ndani ya hayo magamba yote kuna jicho moja la mtu linaangalia.

Ikafika mahali mdomo umebaki kijitundu. Bibi yake anataka kumlisha uji na kijiko hakiingii. Anachukua kisu kidogo, anakwangua kando ya mdomo, polepole, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria ya mtu mwingine. Anapuliza vumbi. Anajaribu tena kijiko. Uji unamwagika. Anapangusa na kanga yake. Anajaribu tena.

DJ akaanza, "Eeh, sasa mama hapa..."

Akanyamaza.

Huyo DJ sijawahi kumsikia akinyamaza. Dakika nzima, mbili, tatu. Ulikuwa unasikia kiti chake kikilia huko alikorekodia. Kijiko tu, na uji.

"Hata DJ amenyamaza," Barasa akasema.

Nikagundua nalia. Halafu nikagundua kitu kibaya zaidi. Nimetazama uso ulioharibika zaidi ya saa nzima bila kukwepesha macho. Nimemlilia mtu aliyepakwa gundi, ambaye jioni alinawa akaenda kwake. Na brathe yangu mwenyewe yuko hapa, mita moja.

Nikageuza kichwa nikamwangalia.

Yeye alikuwa tayari ananiangalia. Sijui alianza saa ngapi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nini?"

"Kuniangalia."

"Bado."

"Basi angalia. Sina haraka."

Nikaangalia. Lile shavu. Lile jicho lisilofunga, lilikuwa linatoa machozi, lakini huwa linatoa kila wakati, kwa hivyo siwezi kusema alikuwa analia.

Nikasema, "Lile pipa, mimi ndiye nilisema liko sawa."

"Najua. Nilikuwa hapo."

"Barasa..."

"Na mimi niliona halina maji. Na wakati huo nilikuwa na macho mawili mazima." Akajipangusa lile jicho. "Nilikukasirikia kama miezi mitatu. Halafu nikachoka. Lakini wewe ukaendelea kuangalia kalenda, nikajua basi ni hii sura."

Ningeweza kumwambia haikuwa sura, ilikuwa hatia tu. Lakini niliahidi ukweli hapa, na hata pale niliusema.

"Ilikuwa zote mbili," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Angalau hujanidanganya leo."

Muvi ikaisha. Yule mtu anafunikwa kabisa na magamba, anabaki kama jiwe, na bibi yake kila asubuhi anampangusa. Ni hivyo tu inaisha. DJ hakusema kitu ila "Poleni, wasee."

Sasa nadhani DJ alisahau kukata mwisho, kwa sababu ikafuata sehemu inaonyesha vile walitengeneza. Mama mmoja mzee ana brashi na bakuli, anampaka yule mwigizaji tabaka moja, anangoja likauke, tabaka lingine. Mwigizaji ana magamba nusu uso, anakunywa chai na mrija, anacheka.

Barasa akavuta kiti mpaka karibu aguse TV.

"Huyo mama ni fundi," akasema.

Halafu tena, "Cheki vile anajenga. Ni kama filler ya kuziba bodi ya gari. Huyo ni fundi, Wanjala."

Miezi kumi na moja sikuwa nimesikia hiyo sauti, ile ya Kariobangi, ya mtu akiona kazi safi.

Jumamosi shemeji akaja na sufuria zake. Barasa akamwambia, "Wikendi ijayo kuja na Tracy."

Shemeji akaweka sufuria chini. "Baba Tracy, una uhakika? Sitaki alie tena. Na sitaki wewe ulie."

"Kuja naye. Lakini mchana, mwanga ukiwa mwingi. Na usimwambie kitu."

Siku ikafika. Asubuhi akanituma unga wa ngano, gundi ya mbao, tishu na majani ya chai. Akaniketisha kando ya dirisha.

"Unafanya nini?"

"Nyamaza, uso usicheze."

Fundi wa kwetu hatengenezi kitu bila sampuli. Ukitaka jiko kama la fulani, unaleta lile la fulani, analiweka mbele anakopi. Mimi nilikuwa nimekaa pale najiuliza sampuli iko wapi, mpaka nilipomwona ameingia bafuni na kutoka na kile kioo.

Akakisimamisha mezani. Akakaa. Akajiangalia.

Alijiangalia kwa muda. Halafu akachovya kidole kwenye bakuli na akaanza.

Masaa mawili, wakuu. Anajiangalia, anapaka. Anashika shavu lake kupima, anashika langu. Alivuta tishu kama ngozi yake ilivyovutika, akaipaka majani ya chai ipate rangi. Vidole vyake viwili vilivyoshikana ndivyo alivyotumia kulainisha. Mara moja akasema, peke yake, "Kumbe haijafika shingoni. Nilidhani imefika."

Wakaja. Tracy akaingia akiwa nyuma ya mamake, ameshika sketi.

Akatuona wawili, tumekaa bega kwa bega, sura moja.

Hakulia. Alikuja kwangu kwanza.

"Anko, umefanya nini?"

"Babako ndiye amenifanya. Vuta uone."

Akashika pembe ya tishu, akavuta. Ile gundi ikatoka na nusu ya nyusi yangu. Nilipiga nduru ya kweli, na yule mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Shemeji pia akacheka, amejifunika uso na leso. Tracy akamaliza kunibandua kipande kwa kipande, mpaka nikabaki mimi.

Halafu akamgeukia babake.

Akanyoosha mkono, akaushika ule upande, akavuta kidogo.

"Ya baba haitoki?"

Shemeji alitaka kujibu, Barasa akamzuia kwa mkono.

"Haitoki, mama."

Tracy akafikiria. "Inauma?"

"Ilikuwa inauma. Siku hizi inawasha tu."

Akaanza kumkuna na kucha zake ndogo.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Siwadanganyi kwamba kila kitu kimekuwa sawa. Kanisani Barasa bado haendi. Akitoka anavaa kofia ameishusha. Mtoto mmoja wa ploti yetu bado humkimbia, na siku hiyo brathe haongei. Tracy na mamake wamerudi Kayole, lakini wiki ya kwanza mtoto alikuwa anamchungulia kwanza mlangoni kabla ya kuingia. Na siwezi kusema ni muvi ndiyo iliyofanya haya yote. Labda wakati wake ulikuwa umefika. Sijui.

Lakini Barasa amerudi Kariobangi, siku mbili kwa wiki. Pipa la kwanza nilijaza mimi, maji mpaka yakamwagika kwenye viatu.

"Wanjala, hilo vipi?"

Nikamtazama usoni. "Limejaa."

Akaja akatumbukiza kidole kuhakikisha. Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningetumbukiza mkono wote.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilikuwa naona muvi za aina ile ni za watu wenye roho mbaya, wanaopenda kuona miili ikiharibika. Huenda wako. Lakini kuna nyingine zimetengenezwa na mtu aliyekaa masaa mengi ameshika uso wa mwenzake, na hilo linaonekana. Ile ilinipa mazoezi ya kutazama.

Kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye ukiongea naye unaangalia kalenda, niandikie hapa chini uliwezaje kugeuka, au ni nini kinakushika bado. Nitasoma zote, hata za kunikosoa kuhusu pipa.

Na kama kuna anayejua dawa ya kuotesha nyusi, pia aseme. Wiki ya sita hii.