Ngazi ya Mama Pazia Yaenda Kisiwani

Ukiona pazia linalogusa sakafu bila kuifagia, ujue mwenye nyumba ameshonewa na Mama Pazia. Sitii chumvi. Mwanamke huyu akiingia kwako anasalimia, anakataa kiti, anakunjua ngazi yake ya chuma ya vidato vitatu, anapanda na utepe shingoni. Vipimo vya kuambiwa havitaki. Alivikubali mara moja tu, zamani: mteja alipanua mikono akasema dirisha lake ni "hivi", na pazia likaja kuishia katikati kama kaptura. Tangu siku hiyo, hata ukimtajia jina lako anatamani alipime.

Ngazi yenyewe aliichomelea mumewe walipokuwa wachumba. Wanaume wengine hupeleka maua. Yule alipeleka chuma, na mke akapata. Mtaani wanamwita Mzee Geti, maana nusu ya mageti ya pale ni kazi ya mikono yake, mpaka geti moja lilipomwangukia mguuni na kumwachia goti lisilokunjika vizuri. Goti hakulililia. Kilichomchoma roho ni harusi ya mpwa wake, ukumbi uko ghorofani. Vijana wanne walimnyanyua na kiti chake wakampandisha juu, watu wakipiga makofi na vigelegele. Walidhani wanamheshimu. Alirudi nyumbani akasema, "Leo nimebebwa kama kochi," na tangu hapo safari zake zote zikaishia kibarazani.

Mama Pazia naye alikuwa na hamu moja ambayo haikumwisha: kuiona bahari ya kisiwani akiwa na mume wake, kisha wapite kwenye mji mkubwa wenye maduka ya vitambaa. Aliomba, akanuna, akaomba tena. Siku moja mzee akaweka kikombe chini.

"Haya, nitakwenda. Lakini nisikilize, mama. Siku nitakayobebwa mbele ya watu, tunageuza palepale. Na usinitajie safari tena maisha yangu yote."

"Nimekusikia, baba."

Alisikia, tena alielewa. Hii haikuwa ruhusa ya likizo tu. Akikosea mara moja, kibaraza kitammeza mumewe jumla.

Mteja wake mmoja, nesi, ndiye aliyemwekea kwenye simu ile programu ya akili bandia inayojibu maswali. Mama Pazia akaipa jina Mjuaji, akaiegemeza kwenye cherehani, akaanza kuihoji huku pini zimemjaa mdomoni.

"Mjuaji, nataka kisiwa chenye mchanga mweupe, halafu mji wenye vitambaa. Nakwenda na mzee wangu, goti lake halikunjiki."

"Wazo zuri sana! Hongera kwa kupanga safari ya kupendeza na mwenzi wako..."

"Usinipambe, nijibu."

Mjuaji akajibu. Kusema kweli, yule kiumbe anajua kupanga. Alianza na kisiwa, akafuatisha mji, akachagua vyumba vya chini visivyo na vidato, akakumbuka hata kuuliza kama mzee anapenda kivuli. Mama Pazia akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka walipofika kwenye boti.

"Mkifika kisiwani," akasema Mjuaji, "abiria hushuka moja kwa moja kwenye gati."

Cherehani ikanyamaza.

"Hilo gati umeliona?"

"Hapana. Mimi sina macho, na sijafika huko. Nimetegemea maelezo yaliyoandikwa, na yanaweza kuwa si sahihi. Ni vizuri uwapigie simu wenyeji."

Mama Pazia akazitema pini kiganjani akacheka. "Angalau wewe unakiri. Yule wa kaptura mpaka leo anasema dirisha lake ndilo lililokua."

Akapiga simu nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, mwanamke mwenye sauti ya kuchangamka, akamweleza: "Gati lipo, mama yangu. Ila maji yakipwa, boti hailifikii. Lakini msijali, vijana wetu wana nguvu, wanambeba mtu mgongoni mpaka mchangani hata nguo hailowi!"

Mama Pazia akaikaza simu sikioni. "Na maji yakijaa?"

"Yakijaa, mtu anavuka kutoka botini kama anaingia sebuleni kwake."

Basi mwanamke akaifumua likizo yote kama anavyofumua upindo uliokwenda upande. Akamrudia Mjuaji: mji uje kwanza, kisiwa kifuate, na siku ya kuvuka iwe ile ambayo bahari imejaa boti inapofika. Mjuaji akapanga upya bila kununa, jambo ambalo fundi yeyote wa nguo atakwambia ni muujiza. Saa za maji Mama Pazia akazihakikisha tena kwa yule mwenye nyumba ya wageni. Kisha akamwongezea Mjuaji ombi: "Huko mjini mtafutie na mzee wangu kitu chake. Asije akakaa nje ya duka la vitambaa akinisubiri kama mwavuli."

Siku ya kuondoka, Mzee Geti akakuta ngazi ya chuma imefungwa kwa kamba ya pazia, imelala juu ya mabegi.

"Watu wanakwenda likizo na kofia, mke wangu anakwenda na ngazi! Bahari nayo ina madirisha?"

"Tembea, baba."

"Hata huyo Mjuaji wako kasema tusibebe mizigo mizito. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Mjuaji hajawahi kutundika pazia. Saa ya maji nimeambiwa, sijaipima mwenyewe."

Mjini mambo yalikwenda kama hariri. Mjuaji alikuwa amemtafutia mzee mtaa mkongwe wenye mageti ya chuma ya kufuliwa kwa mkono, tena tambarare, wenye mabenchi. Mzee Geti alitoka geti moja kwenda jingine, akipapasa maungio kama daktari. "Huyu alijua kazi," alisema. Hatua chache mbele: "Huyu alikuwa na njaa, alikimbilia chakula." Mama Pazia alirudi na vitambaa vyake akamkuta anambishia mpita njia kuhusu bawaba. Alikaa kando ili asimharibie raha.

Kisha wakapanda boti. Katikati ya maji injini ikakohoa, ikazima. Nahodha akainama, akagongagonga, akaitukana kwa upole, ikawaka, ikazima tena. Mama Pazia alikuwa akiitazama bahari ambayo aliitamani miaka yote, na haoni bahari, anaona saa tu.

Walipofika, maji yalikwisha kuanza kupwa. Boti ikagusa mchanga kabla ya gati, umbali wa chumba kimoja hivi. Vijana wawili wakaja wakikanyaga maji kwa furaha, mmoja akageuza mgongo akauinamisha.

"Karibu mzee wetu! Panda hapa, twende!"

Mzee Geti akashika ukingo wa boti. Uso ulikuwa uleule wa siku ya harusi. "Mama," akasema taratibu, "mwambie nahodha tunarudi naye."

Mama Pazia alikuwa ameshainamia mabegi. Alikuwa anafungua kamba. Ngazi ikakunjuliwa, ikashushwa majini, miguu yake ikazama kidogo mchangani ikatulia.

"Mama, hiyo ni ya nini tena?" akauliza nahodha.

"Ya kushukia. Nyie wanangu, njooni. Shikeni ngazi, msimshike mtu. Atakayemgusa mume wangu nitamshonea kaptura."

Vijana wakacheka, wakaishika ngazi huku na huku. Mzee Geti akaitazama. Akayaona maungio yake mwenyewe ya ujanani, yamenona kidogo pale kwenye kidato cha pili kwa sababu siku ile mkono ulikawia hapo akimfikiria msichana wa mapazia. Akageuka, akautanguliza mguu mzima, ukafuata ule mkaidi. Kidato. Kidato. Kidato. Akasimama baharini, maji yakimfika chini ya magoti, suruali imelowa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Pazia alikuwa amewakata vijana jicho mapema.

"Imebeba," mzee akasema, akiigonga ngazi kwa vidole.

"Uliichomelea mwenyewe, isingebeba vipi?"

Wakatembea hadi mchangani, yeye kwa miguu yake, mke akimfuata na viatu mkononi, vijana wamebeba ngazi na mabegi. Nyumba ya wageni ilikuwa ya chini kama Mjuaji alivyoahidi, na kivuli kipo. Mzee akajilaza kwenye kiti kirefu, akaitazama bahari. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua simu ya mkewe, akaisogeza mdomoni kama mtu anayeongea na mtu mwenye masikio mazito.

"Wewe Mjuaji! Mimi ndiye mwenye goti. Tutafutie kisiwa kingine. Na habari za gati usituhangaishe nazo, ngazi tunayo."